Rupia ya Uongo, Shimo la Kweli

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Geita, alikuja ofisini kwangu na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa sarafu ya rangi ya dhahabu, imefungwa katika kitambaa chekundu. Cha pili kilikuwa kiroba kilichojaa vigae na mabonge meusi. "Shikamoo, Daktari," alisema. "Mjomba anaomba umwambie hii rupia ina thamani gani." Kiroba alikitua sakafuni karibu na mlango, wala hakukitaja.

Sarafu ilikuwa na tembo mbele ya mlima, na tai wa Kijerumani upande wa pili. Mwaka ulioandikwa ni 1918. Hapo nilijua kuwa ni bandia. Sarafu halisi ya namna hiyo, yenye thamani ya rupia 15, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916 tu, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kwa kuwa vita vilikuwa vimekata njia ya kuleta fedha kutoka Ujerumani. Zilitengenezwa takriban 16,000. Septemba ya mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikakoma. Mwaka 1918 hapakuwa tena na Mjerumani wa kutengeneza sarafu mjini humo. Mjomba alikuwa ameuza ng'ombe wanne ili kuinunua.

Ni rahisi kumcheka, lakini uongo huu umejengwa juu ya kipande cha ukweli. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, na Waingereza wakawafuata kwa njia ya Shinyanga kuelekea Tabora. Jeshi linalokimbia huacha vitu njiani. Kutokana na hilo ikazaliwa hadithi kwamba Mjerumani alifukia masanduku ya mali akitumaini kurudi. Matapeli wameiongezea chumvi: rupia inayovuta mchele, zebaki nyekundu, ramani iliyotoka Ulaya. Katika ukanda ambako kijana anaweza kushuka shimoni asubuhi akiwa maskini na kupanda jioni akiwa na dhahabu, ni nani atakayeambiwa kwamba ardhi haifichi utajiri?

Sarafu ile ilikuwa chambo. Baada ya kuiuza, tapeli alimweleza mjomba kuwa sanduku lililobaki limo chini ya mti mkubwa, karibu na makaburi ya zamani. Akadai malipo mengine ya kuonyesha mahali. Vijana wakakodiwa, wakaja na sururu na kifaa cha kutambua madini, wakachimba usiku tatu. Sehemu zinazochaguliwa kwa kazi hii hufanana: kaburi la mtemi, mti wa matambiko, rundo la mawe, boma lililobomoka. Ndizo sehemu ambazo watu waliotutangulia waliacha alama zao. Kwa hiyo hazina ya uongo huleta uharibifu wa kweli.

Nilimwomba mwanafunzi afungue kiroba. Mabonge meusi yalikuwa mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyusha madini ya chuma. Pamoja nayo kulikuwa na vipande vya mirija ya udongo, iliyopitisha hewa ya mivuo hadi ndani ya tanuri. Uzinza, ambayo sehemu yake kubwa leo imo mkoani Geita, ilikuwa nchi ya Warongo, mafundi wa chuma ambao majembe yao yalifika Usukuma na kutolewa mahari kabla majembe ya viwanda vya Ulaya hayajayafukuza sokoni. Vijana wale walikuwa wamevunja tanuri.

Nilimuuliza: vilikuwa kina gani? Kulikuwa na mkaa? Vigae vilikuwa juu ya mavi ya chuma au chini yake? Hakujua. Aliviokota kwenye kifusi.

Hapo ndipo hasara ilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda kila kitu kilichotengenezwa na binadamu nchini kabla ya mwaka 1863. Lakini umri wa tanuri hupimwa kwa mkaa uliokutwa mahali pake, katika tabaka lake. Ukishachanganya matabaka, huwezi kuthibitisha kama kitu ni cha mwaka 1600 au 1900, na hata sheria inakosa pa kushika.

Linganisha na kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli alikitambua, na baada ya mvutano wa miaka 20 kilirudishwa Mei 2010, tena kwa jina la zawadi. Tuliweza kukidai kwa sababu kilikuwa mali ya makumbusho inayojulikana, na wizi wake ulijulikana. Kitu kitakachotoka usiku katika shimo la Geita na kuuzwa kwa mpita njia hatutakuwa na cha kukidai kwacho, hata tukikiona kwenye kabati la kioo huko Ulaya.

Kwa hiyo nawaambia maofisa utamaduni na watendaji wa vijiji: msisubiri wataalamu. Waulizeni wazee yalipo makaburi ya watemi na matanuri ya zamani, pigeni picha kwa simu, andikeni orodha, nakala moja ibaki kijijini na nyingine iende halmashauri. Na anayetoa leseni ya uchimbaji mdogo aisome orodha hiyo kabla ya kutia saini.

Nilimweleza mwanafunzi ukweli kuhusu sarafu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mjomba hatakubali." Aliondoka nayo. Kiroba kingali ofisini kwangu. Nimekifunga karatasi yenye jina la kijiji na tarehe kilipoletwa. Sina kingine cha kuandika.