Toba ya Kanisa: Upendo wa Mungu na Chuki Yake kwa Dhambi

Biblia inafundisha mambo mawili ambayo Wakristo wamehangaika kuyapatanisha tangu mwanzo. Waraka wa Kwanza wa Yohana unasema Mungu ni upendo. Zaburi ya 5 inasema Mungu huwachukia watendao uovu. Wanateolojia waliandika mengi juu ya suala hili, lakini kabla ya vitabu vyao Kanisa lilikuwa tayari limelijibu kwa desturi. Desturi hiyo ni toba, iliyomtenga mkosaji na meza ya Bwana kwa muda, kisha ikamrudisha.

Katika karne za kwanza ubatizo ndio uliohesabiwa kuwa ondoleo la dhambi. Mtu aliyebatizwa kisha akaikana imani, akaua au akazini, alileta swali gumu. Kitabu cha Hermas, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, kiliruhusu nafasi moja tu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Karthago, katika Tunisia ya leo, alieleza namna nafasi hiyo ilivyotumika: mwenye kutubu alivaa gunia, akakaa katika majivu, akafunga chakula, akapiga magoti mbele ya wazee wa Kanisa na kuwasihi ndugu wote wamwombee.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 250, Kaisari Decius alipoamuru wakazi wa dola la Roma waitolee miungu sadaka. Mchanga mkavu wa Misri umehifadhi zaidi ya vyeti 40 vya amri hiyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo. Mwombaji anataja jina na kijiji chake, anatangaza kwamba sikuzote ameitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya maofisa, amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka. Chini yake maofisa wanathibitisha kuwa wameona. Wakristo wengi walitii. Wengine hawakutoa sadaka, bali walinunua cheti kwa fedha.

Dhuluma ilipopungua, walioanguka walirudi wakilia mlangoni mwa Kanisa. Majibu mawili yakashindana. Huko Karthago, baadhi ya waumini waliokuwa wameteswa gerezani waliandika barua za kutaka walioanguka wapokewe mara moja. Huko Roma, padre Novatiano alishikilia kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwasamehe kabisa, akaanzisha kundi lake. Askofu Sipriani wa Karthago aliyakataa yote mawili. Kwake, kumpokea mtu bila toba kulikuwa sawa na kulifunga jeraha ambalo usaha haujatolewa, na kumfungia mlango kulikuwa kumkana Kristo aliyekuja kuwatafuta waliopotea. Sinodi ya Karthago ya mwaka 251 iliamua kwamba walionunua cheti warudishwe baada ya hali ya kila mmoja kuchunguzwa, na waliotoa sadaka waendelee na toba kwa ahadi ya kupokewa wakifikia saa ya kufa. Muda mfupi baadaye, tishio la dhuluma mpya lilipoonekana, hao nao walirudishwa kundini.

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliweka kipimo cha miaka. Aliyeikana imani bila kulazimishwa alipitia madaraja ya wenye kutubu: miaka 3 miongoni mwa wasikilizaji, miaka 7 miongoni mwa wanaosujudu, na miaka 2 akisali pamoja na waumini bila kushiriki Ekaristi. Hata hivyo, mtaguso huohuo uliagiza kwamba anayekaribia kufa asinyimwe komunyo. Urefu wa miaka ulionyesha uzito wa dhambi. Agizo hilo lilionyesha kwamba mkosaji bado ni mwana.

Hata watawala hawakuachwa nje ya sheria hiyo. Mwaka 390 askari wa Kaisari Theodosius waliwaua maelfu ya watu mjini Thesalonike. Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia kwamba hataadhimisha misa mbele yake mpaka atubu. Kaisari aliyavua mavazi yake ya kifalme, akalia hadharani kanisani, kisha akapokewa tena.

Augustino wa Hippo, aliyebatizwa na Ambrosi, ndiye aliyeieleza mantiki ya desturi hiyo kwa uwazi zaidi. Katika mahubiri yake juu ya Injili ya Yohana alifundisha kwamba Mungu anampenda mwanadamu kwa kuwa ni kazi ya mikono yake, na anachukia ndani yake uovu ambao mwanadamu amejitengenezea mwenyewe. Kwa hiyo chuki hiyo haipingani na upendo. Anayempenda mgonjwa hawezi kuupenda ugonjwa wake.

Ugumu wa toba ya hadharani, iliyoruhusiwa mara moja tu maishani, uliwafanya wengi waiahirishe mpaka kitanda cha mauti. Wamonaki wa Ireland walileta njia nyingine. Kolumbani, aliyefika Ufaransa ya leo mnamo mwaka 590, alieneza maungamo ya siri kwa padre, yanayoweza kurudiwa, pamoja na vitabu vilivyopanga malipizi ya kila kosa, hasa kufunga kwa mkate na maji. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliwataka waamini wote waungame angalau mara moja kwa mwaka, na uliamuru padre atakayefichua siri ya maungamo avuliwe upadre. Biashara ya rehema, yaani kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, ilipoipotosha desturi hiyo, Martin Luther aliandika mwaka 1517 kwamba maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba. Mtaguso wa Trento ulijibu mwaka 1551 kwa kuthibitisha kitubio kuwa sakramenti.

Maungamo ya hadharani yalipata nguvu upya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930, uamsho ulioanzia misheni ya Kianglikana ya Gahini, Rwanda, ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka waliungama mbele ya ndugu, wakarudisha mali walizoiba na kuomba radhi kwa waliowakosea. Mtu alipomaliza kuungama, wenzake walimwimbia kwa Kiganda Tukutendereza Yesu, yaani Tunakusifu Yesu. Miaka 12 ya Nisea haikuhitajika tena, lakini nguzo mbili za toba zilibaki pale pale: dhambi ilitajwa kwa jina lake na madhara yake yakalipwa, na aliyeitenda akakumbatiwa.