Gari la Waya na Fahari ya Mtengenezaji

Gari la waya limezoeleka kutajwa kama alama ya ufukara wa utoto wa Afrika Mashariki: mtoto alikosa la dukani, akajiundia lake. Historia yakataa maelezo hayo. Kabla waya na makopo havijaenea, watoto wa wafugaji walifinyanga ng'ombe wa udongo, wa pwani wakatia majini vidau vya vifuu, na wa mashambani wakaunda vitu kwa mabua ya mtama. Zilipofika kandambili za mpira na makopo ya mafuta, malighafi ilibadilika, desturi ikabaki. Umaskini uliamua gari liundwe kwa kitu gani. Hamu ya kuunda ilikuwepo tangu zamani.

Yupo atakayesema kwamba kumbukumbu hupamba, na kwamba wasichana waliotumwa maji na kuni hawakupata nafasi sawa. Ni kweli mzigo haukuwa sawa, lakini nao walivisha magunzi vitambaa yakawa watoto wa kubebwa mgongoni. Wala fahari ya mtengenezaji si ya kupambwa na kumbukumbu, kwa maana ilipimwa palepale. Gari la waya lina fimbo ndefu ya usukani, ili mwenye nalo aliendeshe huku akikimbia. Ekseli ikipinda, gari huenda upande na wenzake wote huona. Likinyooka, sifa hutoka kwa mafundi wa rika lake, wanaojua ugumu wa kazi ile. Mcheza kwao hutuzwa.

Shule zimeitafuta fahari hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ilitaka kazi za mikono ziwe sehemu ya masomo Tanzania; mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaleta sanaa na ufundi katika shule za msingi za Kenya. Mtaala wa umilisi uliofuata nchini humo umerudia wito huo, lakini wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi za watoto huishia mikononi mwao usiku. Mzazi huogopa mwanawe asiaibike kwa kazi mbovu. Hofu hiyo yaeleweka, ila humnyima mtoto kile hasa kilichokusudiwa. Kazi safi ya mzazi humpa mtoto alama tu. Ekseli iliyopinda humwonyesha pa kurekebisha, na akishairekebisha mwenyewe, fahari ni yake.