Dodoma: Nusu Karne na Zaidi ya Mizabibu

Ukishika barabara ya Iringa kutoka Dodoma mjini, hukawii kufika Bihawana. Hapo wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu katika miaka ya 1950, wakitafuta divai ya misa. Wakati huo Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, ilisifika kwa ng'ombe, uwele na mtama, na iliogopwa kwa njaa. Mvua ni haba, na hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Lakini ukavu huohuo unaoua mahindi unaufaa mzabibu: magonjwa ya ukungu hupungua, na jua huongeza sukari katika tunda.

Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Akishavuna, hupogoa matawi mpaka yabaki vipande vifupi vyenye macho machache. Machoni humo huchipua matawi mapya yenye maua, na baada ya miezi minne hivi vichala vimeiva. Hivyo huvunwa mara mbili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, mradi kiangazi kuna maji ya kumwagilia.

Baada ya Uhuru zabibu zilitoka misheni zikaingia gereza la Isanga na vijijini. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikawa nguzo ya zao hili, na jina lake likabebwa na zabibu nyekundu inayotumika kutengeneza mvinyo mwingi wa Dodoma. Kampuni ya serikali, DOWICO, ilikuwa mnunuzi mkubwa. Ilipoanguka, wakulima wakabaki na mavuno yasiyo na mnunuzi. Miaka ya 2000 viwanda binafsi, kama CETAWICO cha Hombolo, vikafufua matumaini.

Historia hii ina funzo moja: zabibu za Dodoma hazikushindwa shambani, zilishindwa sokoni. Zabibu iliyochumwa haisubiri. Siku chache tu inaanza kuharibika, na asiye na mnunuzi hukubali bei yoyote. Dawa ni kukamua karibu na shamba na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, ili mkulima auze kwa wakati wake. Vyama vya ushirika vipewe mitambo ya kazi hiyo. Nawe unayenunua mvinyo au juisi, soma lebo kwanza, uchague iliyokamuliwa kwa zabibu za Dodoma.