Thamani, Bei na Kilemba: Historia Fupi ya Istilahi za Ununuzi wa Kampuni

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyopata, kwa vipindi mbalimbali, maneno ya kutajia namna kampuni zinavyothaminiwa, zinavyonunuliwa na zinavyouzwa. Mifano yetu mikuu tumeichukua katika delta ya Rufiji, ambayo siku hizi imo katika Wilaya ya Kibiti. Huenda msomaji akastaajabu, maana delta hiyo inajulikana kwa mikoko, mpunga na kamba, wala si kwa soko la hisa. Lakini istilahi nyingi hazizaliwi ofisini. Huzaliwa pale watu wanapokabidhiana mali na fedha, na ofisi huja baadaye kuzipanga.

1. Maneno yaliyokuja na majahazi

Kwa muda mrefu boriti za mikoko ya Rufiji zilipakiwa majahazini na kupelekwa Unguja, Uarabuni na Ghuba. Miti hiyo ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, nayo ilihesabiwa kwa korja, yaani miti 20. Katika biashara ya namna hii mnunuzi huiona mali kwa macho, huihesabu, kisha hutaja bei.

Maneno ya msingi ya biashara hiyo tuliyapata kutoka Kiarabu, lakini hatukuyaacha kama tulivyoyakuta. Neno la Kiarabu lililozaa ‘bei’ lina maana ya kuuza, na lililozaa ‘thamani’ lina maana ya bei. Waswahili wakayatenganisha upya: bei ni kile kinacholipwa, thamani ni kile ambacho kitu kinastahili. Tofauti hiyo ndiyo roho ya elimu nzima ya kuthamini kampuni. ‘Rasilimali’ nalo, ambalo kwa asili ni ‘kichwa cha mali’, lilikuwa na maana ya fedha ya kuanzia biashara. Leo kazi hiyo imechukuliwa na ‘mtaji’, na rasilimali imepanuka hadi kutaja misitu, madini na hata watu. ‘Hisa’, yaani fungu la mtu katika mali ya shirika, imebaki na maana yake, na ndiyo iliyoingia katika sheria za kampuni.

2. Somo la gofu la meli

Tarehe 11 Julai 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta, ilipigwa na Waingereza na kisha kuzamishwa na mabaharia wake wenyewe. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 wakaitumia vitani nchi kavu. Mwaka 1924 John Ingle, aliyekuwa nahodha wa meli, alinunua haki ya kuopoa mabaki kwa pauni 200. Alitoa metali zisizo za chuma, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine.

Mfano huu unafundisha mambo matatu. Kwanza, gharama ya kuundia kitu si thamani yake: manowari iliyogharimu fedha nyingi iliuzwa kwa bei ya chakavu. Pili, kilichouzwa hakikuwa meli bali haki, na haki yaweza kuuzwa tena na tena wakati chuma chenyewe kimelala matopeni. Tatu, Ingle alinunua haki juu ya mali, hakununua kampuni. Anayenunua hisa zote za kampuni hupata kampuni nzima, pamoja na madeni na kesi zake. Anayenunua mali tu humwachia muuzaji madeni yake. Kwa hiyo ni lazima tutenganishe ‘ununuzi wa hisa’ na ‘ununuzi wa mali’.

3. Kutaifisha na kubinafsisha

Baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa Februari 1967, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa za benki iliyobeba jina hilo ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Kati ya miaka hiyo miwili lugha ilipata vitenzi viwili vilivyoundwa kwa kanuni moja: taifa likazaa ‘kutaifisha’, binafsi ikazaa ‘kubinafsisha’. Vyote viwili vinatuambia mali imekwenda kwa nani. Hakuna kinachotuambia imekwenda kwa kiasi gani.

Swali hilo la kiasi liliachiwa neno ‘fidia’, ambalo asili yake ni malipo ya kumkomboa mtu. Sheria za mwaka 1967 ziliahidi fidia kamili na ya haki. Lakini kamili kwa hesabu ipi? Wathamini wanazo njia tatu kuu. Ya kwanza ni ‘mali halisi’, yaani mali zote baada ya kutoa madeni. Ya pili ni ‘mapato yatarajiwayo’, yakipunguzwa kwa kuwa shilingi ya kesho si sawa na shilingi ya leo. Ya tatu ni ‘bei ya soko’, yaani bei ya hisa moja mara idadi ya hisa. Njia hii ilipata nguvu nchini baada ya Soko la Hisa la Dar es Salaam kuanza biashara mwaka 1998 kwa hisa za TOL.

4. Ziada isiyoonekana

Mara nyingi kampuni huuzwa kwa bei inayozidi mali yake halisi, kwa sababu ya jina lake na wateja wake. Neno la Kiingereza la dhana hiyo, likitafsiriwa neno kwa neno, hutoa ‘nia njema’, na msomaji hudhani anaombewa heri. Wananchi wana neno zuri zaidi. Anayepokea duka lenye wateja hulipa ‘kilemba’ juu ya kodi. Tunapendekeza ‘kilemba’ kikubaliwe katika uhasibu.

Upande wa pili wa dhana hii tunauona tena Rufiji. Katika miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company iliomba eneo kubwa la delta kwa ufugaji wa kamba. Serikali iliridhia mwaka 1997, wakazi wengi wakaupinga mradi hadi mahakamani, na haukutekelezwa. Katika daftari la kampuni, delta ilikuwa mahali pa kuchimba mabwawa. Kwa mkazi ilikuwa mazalia ya samaki, shamba la mpunga, boriti na ngome dhidi ya bahari. Thamani hiyo yote haikuwa na bei, na kisicho na bei husomwa kirahisi kuwa hakina thamani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imetamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka.

Hitimisho

Tunapendekeza basi: ‘bei’ na ‘thamani’ visitumiwe kama visawe katika mikataba, ‘ununuzi wa hisa’ na ‘ununuzi wa mali’ vitenganishwe, ‘muunganiko’ itumike kwa kampuni zinazoungana, ili ‘Muungano’ ubaki jina la nchi zetu mbili, na ‘kilemba’ kisanifiwe. Mwanakijiji anayewekewa karatasi mbele yake atie sahihi anastahili kujua ni kipi kati ya hivyo anachokiuza.