Sayansi Huachwa Kabla ya Chuo Kikuu

Uchache wa wanafunzi katika shahada za sayansi na uhandisi nchini Tanzania haueleweki vizuri ukitazamwa chuoni peke yake. Anayedisko mwaka wa kwanza, kama wanachuo wanavyomwita anayeondolewa chuoni kwa kufeli, mara nyingi amefika na pengo la tangu sekondari. Wengi zaidi hawafiki kabisa, kwa kuwa njia yao ilikatika wakiwa na miaka kama kumi na mitano.

Chini ya mtaala uliotumika kwa miaka mingi, fizikia na kemia zilikuwa za lazima hadi kidato cha pili; kuanzia cha tatu mwanafunzi aliruhusiwa kuziacha. Kwenye makaratasi huo ni uhuru wa kuchagua. Lakini katika shule isiyo na mwalimu wa fizikia, au yenye mmoja anayebeba vidato vyote vinne, mwanafunzi huchaguliwa na ratiba. Aliyeacha fizikia hapati mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wala PCB (fizikia, kemia na biolojia) kidato cha tano, na uhandisi na udaktari humpita hapohapo. Hisabati haiachwi, ila ndiko wengi wanakoangukia: katika mtihani wa kidato cha nne wa 2021, alifaulu takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano.

Lugha huongeza mzigo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali, aliyesoma sayansi kwa Kiswahili, huanza fizikia kwa Kiingereza wakati uleule anapotakiwa kuanza kufikiri kwa fomula. Anajua kugawa umbali kwa muda, lakini hukosa swali la mwendokasi kwa sababu hakuelewa gari limefanya nini. Asiyeelewa hukariri. Kukariri kunaweza kumvusha kidato cha nne, pengine hata cha sita. Kwenye kalkulasi ya mwaka wa kwanza hakufui dafu.

Mwaka 2014 Serikali ya Rais Kikwete ilisukuma kwa nguvu ujenzi wa maabara tatu katika kila sekondari ya kata. Juhudi hiyo ilistahili, ila chumba peke yake hakifundishi. Katika kutafuta ujazo wa asidi inayozimua besi, mwanafunzi hushika koki ya bureti kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukizungusha chupa, na hutakiwa kufunga kwenye tone lilelile linalogeuza rangi. Wepesi huo huja kwa kurudiarudia. Kemikali zikinunuliwa wiki chache kabla ya mtihani, na wanafunzi watano wakizunguka bureti moja, wapo watakaohitimu bila kuigusa koki. Chuoni mwanafunzi huyo huwekwa meza moja na aliyetoka shule yenye vifaa. Muda wa maabara humwishia akijifunza kushika pipeti, na ripoti hudaiwa wiki ileile. Matokeo yakitoka, huhesabiwa kuwa mzembe. Hukumu hiyo si ya haki.

Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022, huwalipia masomo ya sayansi na uhandisi vyuoni waliong'ara zaidi kidato cha sita. Ni msaada mkubwa kwa mtoto wa maskini, lakini huwafikia waliokwisha kuvuka vikwazo vyote vilivyotajwa. Kinachoweza kuongeza idadi ya wanaovuka ni mwalimu wa hisabati na wa fizikia katika kila kidato cha kwanza, pamoja na kemikali zinazofika shuleni Januari.