Aruwimi: mto wa vita, mihogo na dhahabu

Msafiri anayetoka Yahuma akivuka mto Kongo kufika Basoko, anakuta maji ya mto mwingine mkubwa yakiingia. Huo ni Aruwimi. Huanzia mbali, upande wa Ziwa Albert, ukiitwa Ituri. Hupita katikati ya pori, hukutana na Nepoko pale Bomili, na kutoka hapo hubadili jina. Urefu wake ni karibu kilomita 1,300.

Tarehe 1 Februari 1877, Stanley na Wangwana wake kutoka Zanzibar walishuka mto Kongo wakafika mdomoni mwa Aruwimi. Wenyeji walitoka na mitumbwi mikubwa ya vita kulinda maji yao. Bunduki zikawashinda. Aliporudi kwa meli mwaka 1883, alikuta vijiji vingi vimechomwa na wateka watumwa. Mwaka 1889 serikali ya Leopold ilijenga ngome Basoko.

Kabla ya hapo, Juni 1887, Stanley alipandisha mto mpaka Yambuya. Meli haziwezi kupita hapo, kwa sababu ya maporomoko. Aliacha kikosi cha nyuma, yeye akaendelea kwa miguu kumtafuta Emin Pasha. Waliobaki walikaa karibu mwaka mzima. Walikula mihogo michungu bila kuitengeneza vizuri, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Agosti 1888, Stanley alikuta mabaki ya kikosi hicho pale Banalia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ya sumu ile ilikuwa mbele ya macho yao. Mama wa pori huloweka mihogo majini siku kadhaa, sumu itoke, kisha hutengeneza kwanga. Mpaka leo mto ni jiko, kisima na barabara. Wavuvi wanatega nyavu, mitumbwi inashusha ndizi na mafuta ya mawese, na pale Banalia magari ya Kisangani kwenda Buta yanavuka kwa kivuko.

Lakini miaka hii mashine za kuchimba dhahabu zimeingia mtoni, wilayani Banalia. Zinanyonya mchanga wa chini na kuchafua maji. Wakaaji wamelalamika mara nyingi kuhusu samaki na maji ya kunywa. Dhahabu inapanda gari inaenda zake, tope linabaki kwa anayeishi kando ya mto. Mama anayeloweka mihogo hana mto mwingine. Wakubwa wanaotoa ruhusa ya kuchimba wafikirie kwanza maji yake.