Safari ya Rimoti Hadi Kayanga

Google ilipotoa Chromecast, kifaa cha kurushia video kwenye televisheni, mwaka 2013, haikuiwekea rimoti. Mtazamaji alitakiwa kuiongoza kwa simu yake. Mpango huo unaifaa nyumba ambayo kila mtu ana simu janja. Kayanga wilayani Karagwe au Nkwenda wilayani Kyerwa, simu ikiwa moja, mwenye nayo akienda kwenye kahawa anaondoka na televisheni nzima. Bibi na wajukuu wanabaki wakitazama kioo cheusi. Kwao rimoti si anasa hata kidogo.

Rimoti ya televisheni ilianzia Chicago. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith iliuza rimoti yenye waya, na watu wakawa wanajikwaa. Mwaka 1955 Eugene Polley akabuni ya mwanga, lakini hata jua la dirishani liliweza kubadili chaneli. Robert Adler akafuata mwaka 1956 na rimoti ya sauti isiyosikika kwa binadamu. Miale ya infraredi ilikuja kutawala miaka ya 1980.

Tanzania Bara haikupitia mahangaiko hayo. Televisheni ilianza huku mwaka 1994, wakati Uganda, ng'ambo ya mto Kagera, ilikuwa nayo tangu 1963. Baadaye vikaja ving'amuzi, na rimoti zikawa mbili mezani.

Mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya, nchini Uingereza ilianza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kadi ya benki. Ikiwekewa programu ya Kodi inacheza filamu na kupokea matangazo ya intaneti, ila haina jicho la rimoti. Jicho lenyewe ni kidude cha miguu mitatu: umeme, ethi na ishara. Hata king'amuzi kibovu huwa nalo. Fundi awe mwangalifu tu: pini za kompyuta hiyo zinapokea volti 3.3, na ishara ya volti 5 inaweza kuziunguza. Taa ya rimoti humweka kama mara 38,000 kwa sekunde, ndiyo maana jicho halichanganywi na jua wala balbu. Kuijaribu ni rahisi: elekeza rimoti kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe, kwenye kamera nyingi kinaonekana kinukta cha zambarau.

Google nayo ilibadili msimamo. Chromecast yake ya mwaka 2020 ilikuja na rimoti inayozungumza na kifaa kwa Bluetooth, huku infraredi ikiachiwa kazi ya kuwasha televisheni na kupandisha sauti.